Tahadhari kwa Makocha wa Masisi na Walikale: Msiwakimbize Vijana Hadi Waanguke

Kocha, kama jioni ya leo umepanga kuwakimbiza vijana wako mbio ishirini za kasi, kutoka goli hadi goli, na kuwapa pumziko la kuhesabu kumi tu, nakuomba usome haya kabla hujapuliza filimbi. Mazoezi hayo si mabaya. Yana nguvu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na miili itakayoyapokea Masisi na Walikale, huku kwetu mashariki mwa Kongo, si ile iliyotumiwa kuyapima huko yalikotoka.

Nazungumzia mazoezi ya vipindi, yale ambayo makocha wetu waliosoma kwa Kifaransa huyaita fraksione. Mchezaji anakimbia kwa nguvu karibu zote kwa muda mfupi, anatembea au kupumzika, kisha anarudia. Video zake zimejaa kwenye simu. Zina muziki, zina vijana wenye misuli ya chuma, zinaahidi pumzi mpya ndani ya wiki chache. Simu zimefika Pinga, Kibua na Nyabiondo, nazo video zimefuata. Kamera haikuonyesha mapumziko, wala sahani ya chakula, wala daktari aliyewapima wale vijana kabla ya kuanza.

Ahadi yenyewe ina ukweli. Mwaka 2001 watafiti wa Trondheim, Norway, walitangaza matokeo ya vijana wa soka waliokimbia vipindi 4 vya dakika 4, mapigo ya moyo yakifika asilimia 90 hadi 95 ya upeo wao. Baada ya wiki 8, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulipanda kutoka mililita 58 hivi hadi 64 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Katika mechi walikimbia umbali uliozidi wa mwanzo kwa asilimia 20, na mbio zao za kasi zikaongezeka maradufu. Kocha gani asiyetaka hayo? Lakini tazama walivyofanya: mara 2 tu kwa wiki, na kati ya kipindi na kipindi dakika 3 za kukimbia polepole. Nao walikuwa vijana wa nchi tulivu, wenye chakula mezani na usingizi usiokatizwa na risasi.

Ule mtindo maarufu wa sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika, unaobeba jina la Izumi Tabata wa Japani, ulitokana na mazoezi ya timu ya taifa ya kuteleza barafuni kwa kasi. Jaribio lake la mwaka 1996 lilifanywa juu ya baiskeli za maabara, kwa vijana waliozoea michezo, chini ya macho ya wataalamu. Hakuna aliyekimbia kwenye udongo wenye mawe baada ya kushinda shambani. Na kule Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2005, watu walikanyaga baiskeli kwa nguvu zote sekunde 30 tu, kisha wakapumzika dakika 4 na kurudia. Walifanya vikao 6 ndani ya wiki 2, na muda walioweza kuhimili kazi nzito ulipanda kutoka dakika 26 hadi 51. Pumziko lao lilikuwa mara nane ya kazi. Hapo ndipo video zinapotudanganya: zinatuonyesha jasho na kukata pumziko, hali pumziko ndilo linaloruhusu moyo kujaza damu upya na misuli kuondoa asidi iliyojikusanya.

Mchezo unaoonyesha jambo hili wazi kuliko yote ni magongo ya barafuni, na msicheke, maana unachezwa Afrika Mashariki. Nairobi kuna timu ya Kenya Ice Lions, iliyozaliwa kwenye uwanja wa barafu wa hoteli moja, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Mchezaji wa magongo ya barafuni huingia na kushambulia kwa sekunde 45 hivi, halafu anatoka na kuketi benchini dakika kadhaa akisubiri zamu yake. Mchezo mzima ni vipindi. Kwa hiyo ndio wachezaji ambao mazoezi haya yanawafaa kweli, na hata wao, wenye miili iliyofunzwa miaka mingi, benchi ni sehemu ya kazi yao. Kocha anayembakiza mchezaji barafuni dakika tatu mfululizo ameipoteza zamu ile. Sisi tunawaondolea vijana benchi kisha tunawaita wavivu.

Sasa niseme kinachonitia hofu hasa. Septemba 2006, huko Houston, Marekani, kijana wa miaka 19 aitwaye Dale Lloyd, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Rice, alianguka baada ya kukimbia mbio 16 za yadi 100 kila moja. Kesho yake akafariki. Alikuwa AS, yaani amerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na hakujua. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na kocha mwenye elimu, na hospitali ilikuwa karibu. Mwaka 2010 chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, kikaagiza wachezaji wa daraja la kwanza wajulikane hali yao kabla ya kuingia uwanjani.

Kwetu Kongo watu wanaijua SS, yaani ugonjwa wenyewe wa selimundu, wa aliyerithi kwa wazazi wote wawili. Wanawajua watoto wenye maumivu ya mifupa, wanaoongezewa damu, wanaozikwa wakiwa wadogo. AS haiogopwi, maana mwenye AS huishi kama watu wengine, analima, anaoa, anazaa. Tena AS humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo maana ilienea zaidi mahali ambapo mbu wamekaa na watu kwa karne nyingi. Katika nchi yetu, hesabu za kawaida ni kwamba karibu watu 2 kati ya 10 wanaibeba. Chukua kikosi cha wachezaji 25 na ufanye hesabu hiyo mwenyewe, ukijua kwamba idadi inaweza kuwa ndogo milimani na kubwa zaidi msituni.

Kinachotokea ni hiki. Mwili ukifanya kazi ya nguvu zote bila kupewa nafasi ya kupumua, oksijeni ya damu hushuka, asidi hupanda, maji hupungua, joto huongezeka. Katika hali hiyo chembe nyekundu za mwenye AS zinaweza kujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo ya misuli inayofanya kazi. Misuli inaanza kufa. Inapokufa inamwaga potasiamu kwenye damu, ambayo inaweza kuusimamisha moyo, na inamwaga rangi ya nyama ambayo inaziba figo. Yote haya yanaweza kuanza ndani ya dakika chache za mbio za mfululizo, hata mwanzoni mwa mazoezi, hata jioni yenye baridi ya Masisi.

Dalili zake zinadanganya, na hapa naomba kila nahodha na kila mzazi asikilize. Kijana huyu haanguki ghafla kama mti. Anabaki nyuma ya wenzake. Anashika mapaja, anasema miguu imekuwa dhaifu, haimtii, ingawa ukiigusa misuli haijakakamaa kama ile ya mkakamao wa kawaida. Anahema haraka. Anaketi, au anaanguka polepole akiwa bado anaongea. Kwa kuwa anaongea, kocha anamwambia asimame. Wenzake wanamzomea. Anajikaza, anakimbia mbio moja zaidi, na hiyo inaweza kuwa ya mwisho. Mchezaji anayebaki nyuma asihukumiwe kuwa mvivu mpaka umemketisha, umempa maji, na umemtazama kwa dakika kadhaa. Asipopata nafuu upesi, ni hospitali, usiku huohuo.

Msidhani kwamba mwenye AS afukuzwe kwenye timu. Kufanya hivyo ni dhuluma, na tena kutawafanya vijana wafiche hali zao. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa askari weusi karibu 48,000 wa jeshi la Marekani. Wale wa AS walikuwa na hatari kubwa zaidi ya misuli kuharibika kwa kazi nzito, zaidi kwa asilimia 54, lakini hawakufa zaidi ya wenzao. Jeshi lilikuwa limeweka sheria za maji, za joto, za kuongeza mazoezi taratibu na za kupumzika, kwa kila askari bila kubagua. Uchunguzi wa jeshi hilohilo wa mwaka 1987, kabla ya utaratibu huo kuenea, ulikuwa umekuta vifo vya ghafla kwa makuruta wa AS vikiwa mara karibu 30 ya vile vya wenzao. Basi kinga haihitaji mashine. Inahitaji kocha anayekubali kubadilisha mazoezi ya kikosi kizima.

Kupima kunawezekana. Maabara nyingi za hospitali zetu zinakijua kipimo cha Emmel, cha tone la damu na darubini. Kipimo hicho hakitenganishi AS na SS, lakini kinaonyesha nani anahitaji kuangaliwa zaidi. Hata pasipo maabara, muulize kila mchezaji faraghani: nyumbani kwenu kuna ndugu wa SS? Kuna aliyefariki mdogo kwa upungufu wa damu? Baba na mama wanajua damu zao? Swali hilo ni bure. Liulizwe kwa heshima, si mbele ya timu, maana kwetu damu ya familia inagusa pia ndoa za dada zake.

Halafu tuangalie ardhi yenyewe. Milima mingi ya Masisi iko juu ya mita 1,500, na mingine inapita 2,000. Walikale-Centre iko chini, ndani ya msitu, kwenye joto la unyevu. Timu inayopanda kutoka Walikale kwenda kucheza milimani inakutana na hewa yenye oksijeni kidogo kuliko ile ya nyumbani. Siku za kwanza hazifai kwa mbio za nguvu zote. Na timu inayoshuka kutoka milimani kwenda Walikale inakutana na joto ambalo jasho haliliondoi, kwa sababu hewa imejaa maji tayari. Hapo ndipo mchezaji anaanza kuzungumza ovyo, anayumba, anakasirika bila sababu. Ubongo wake unachemka. Mwingize kivulini, mvue jezi, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, endelea kummwagia hata wakati pikipiki inatafutwa. Kumpoza kunatangulia safari.

Vita vimebadilisha miili ya vijana hawa. Mapigano yalifika Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huohuo, na kambi za wakimbizi zilizozunguka Goma zikavunjwa Februari, familia zikarudi vijijini zikiwa na vitu vya kubebwa kichwani. Kijana aliyepitia hayo amekaa miezi bila mazoezi na bila chakula cha kutosha. Anarudi uwanjani akiwa na hamu kubwa, kwa sababu mpira ndio jambo la kwanza lililomrudishia maisha yake. Ni hamu hiyo hasa inayomweka hatarini. Atakimbia unavyomwambia, na hatasema hajala tangu jana.

Muulize pia alishindaje. Kijana aliyebeba mifuko ya mchanga wa koltani kwenye vilima vya Rubaya tangu asubuhi, au aliyesukuma chukudu lenye viazi kupanda Mushaki, amekwisha kufanya vipindi vya siku nzima. Misuli yake haina akiba. Ukimwongezea mbio ishirini humjengi. Unachoma kile kidogo kilichobaki. Siku kama hiyo mpe mpira acheze pasi, afundishwe kusimama mahali pake, aende nyumbani. Na chakula cha kumjenga kipo katika ardhi yetu: maharagwe, viazi, sombe yenye karanga, maziwa ya Masisi pale yanapopatikana. Timu ikichanga hela za jezi mpya, afadhali ichange kwanza za sufuria la maharagwe siku za mazoezi mazito.

Malaria nayo nisiipite haraka, kwa sababu ndiyo tunayoizoea mno. Kijana ana homa asubuhi, anameza vidonge viwili vya paracetamol, jioni yuko uwanjani kwa sababu joto limeshuka. Homa imefichwa tu. Vimelea bado vinavunja chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, mwili umepungukiwa maji, na moyo unadunda haraka hata akiwa ameketi. Mbio za nguvu zote juu ya hali hiyo ni hatari, awe AS au asiwe. Mwenye homa hakimbii. Apimwe kwa kipimo cha haraka kwenye kituo cha afya, amalize dawa zote hata kama amejisikia vizuri siku ya pili, kisha arudi kwa kutembea, halafu kukimbia polepole, na mbio za kasi zije baada ya siku kadhaa za kula vizuri bila homa. Mechi ya Jumapili itachezwa na mwingine.

Siku ya pili baada ya mazoezi mazito, kila mchezaji ajitazame anapokojoa. Mkojo wenye rangi ya Coca, pamoja na misuli iliyovimba na kuuma kupita kawaida, ni misuli inayoyeyuka. Unaweza pia kuwa malaria kali. Njia zote mbili zinaelekea hospitali. Na katika kungoja, asimeze diclofenac wala ibuprofen zinazouzwa kila kioski, kwa sababu zinaweza kuziumiza figo ambazo tayari zimeelemewa. Wangapi wanamtuma mdogo wao akanunue diclo baada ya mazoezi, kama vile ni pipi?

Wapo pia wanaoanguka ghafla, kimya, bila kuongea. Huo ni moyo. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka hivyo Lyon tarehe 26 Juni 2003 akicheza dhidi ya Kolombia, na madaktari wakakuta moyo wake ulikuwa umenenepa isivyo kawaida. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukudunda vizuri kwa dakika 78, na leo yu hai, kwa sababu kifua chake kilianza kukandamizwa palepale na hakikuachwa. Hatuna mashine ya umeme ya kuamsha moyo katika viwanja vyetu, lakini mikono tunayo. Aliyeanguka, asiyeitika na asiyepumua kawaida, alazwe chali. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kinyanyuke kila mara. Mpokezane kila dakika 2. Msipoteze muda kuingiza kijiko mdomoni kuutafuta ulimi, wala kumkalisha, wala kumwagia maji ya uso. Na tafadhali, katika dakika hizo za kwanza mtu asianze kusema kijana amelogwa na timu ya wageni. Maneno hayo yanawageuza watazamaji kuwa jeshi, na anayekandamiza kifua anabaki peke yake.

Mchezaji ambaye amewahi kuzimia akikimbia, anayesikia maumivu ya kifua au moyo kurukaruka wakati wa mazoezi, au ambaye ndugu yake wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana, asiingie kwenye mbio za vipindi kabisa mpaka daktari amemsikiliza moyo.

Timu za wasichana zinasahauliwa katika maonyo ya namna hii. Msichana anayepata hedhi nzito na kula kidogo anaweza kuwa na damu pungufu kwa miezi mingi, akachoka haraka na kuambiwa kwamba hana moyo wa kupambana. Apewe mtu mzima wa kike wa kumweleza hali yake, apimwe damu, na programu ya wavulana asipewe ilivyo.

Kama bado unataka vipindi, na mimi nataka uvitumie, anza na wiki mbili au tatu za kukimbia polepole. Kisha mara 1 kwa wiki, baadaye 2, kamwe si siku mbili mfululizo. Mbio chache, pumziko refu: sekunde 15 za kasi na dakika nzima ya kutembea ni mwanzo mzuri. Kila mmoja aende kwa mwendo wake. Mwenye AS asiwekwe kwenye mbio za mfululizo zinazopimwa kwa saa, na asisukumwe kwa nguvu zote zaidi ya dakika 2 bila kupumzika. Maji safi yawepo, yaliyotiwa dawa au kuchemshwa, kila mmoja na chupa yake kwa sababu ya kipindupindu. Na mbio za adhabu ziondolewe leo. Aliyechelewa mazoezini akusanye mipira. Asikimbizwe hadi atapike.

Kabla ya mazoezi ya kesho, fanya mambo haya madogo. Uliza kituo cha afya kilicho karibu kama muuguzi wa zamu yupo jioni, na uandike namba yake. Tafuta mtu mwenye pikipiki anayekaa karibu na uwanja, mkubaliane kwamba siku za mazoezi hatakwenda mbali. Barabara ikikatwa na mvua au na kizuizi, jueni njia ya pili na nani atazungumza pale kizuizini. Kabla hujapuliza filimbi mpigie yule wa pikipiki, umwulize kama ana mafuta ya kufika hospitali.